Oili ya Kwanza ya Gari Jipya Imwagwe Lini? Mjadala wa Maseno

Mtu akinunua gari Maseno, mambo ya bima na ya petroli huyamaliza siku hiyo hiyo, lakini la sevisi ya kwanza hubaki likizungushwa kwa wiki kadhaa. Kuna atakayemwambia kilomita 1,000, atakayemwambia 5,000, atakayemwambia 10,000, na atakayemwambia asubiri taa ya dashibodi iwake, na wote watamwambia kwa uhakika ule ule. Hoja yangu ni kwamba hakuna hata nambari moja kati ya hizo inayofaa kila gari, ila ipo kanuni moja inayomfaa kila mwenye gari: sevisi ya kwanza ipangwe kwa kile unachokijua kwa hakika kuhusu oili iliyomo ndani ya injini, na kuhusu kazi ambayo gari litafanya. Unachokijua unaweza kukiwekea ratiba. Usichokijua hakistahili kusubiriwa. Ili hoja hii ipimwe sawasawa, nitawapa nafasi wasemaji watatu ambao misimamo yao husikika kila siku kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia: Mwalimu anayeshika kitabu, Fundi anayeshika spana, na Dereva anayekula jasho la gari lake. Hawa ni sauti za misimamo, si watu fulani.

Mwalimu ndiye anayeanza. "Fundi, mimi nasikiliza neno la waliolitengeneza gari. Wahandisi walioiunda injini hii waliijaribu kwenye joto na baridi kabla ya kuandika ratiba. Kama wameandika kilomita 10,000 au mwaka mmoja, nani kati yetu ana maabara ya kuwapinga? Nikiwahi, natupa pesa. Nikichelewa, napoteza waranti. Mimi nafuata kitabu, basi."

Msimamo wa Mwalimu una nguvu, na ni wajibu kuukiri kabla ya kuupunguza. Ratiba ya kiwanda haikuandikwa kwa kubahatisha, na waranti ya gari jipya, ambayo mara nyingi huwa ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia, hutegemea sevisi zilizofanywa kwa wakati na kuandikwa. Kosa la Mwalimu ni kwamba amekisoma kitabu nusu. Karibu kila kitabu cha gari kina ratiba mbili: moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na ya pili huwa mbele kurasa chache tu. Toyota kwa soko la Japani lenyewe huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini ya petroli isiyo na turbo, kisha hukata nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi sita, kwa gari linalofanya kazi ngumu. Injini ya petroli yenye turbo hupewa kilomita 5,000 au miezi sita, na ikiwa kazini kwa taabu hushuka hadi 2,500 au miezi mitatu. Na kazi ngumu ni ipi? Vitabu hivyo vinaitaja wazi: barabara mbovu zenye mashimo au vumbi, kupanda na kushuka milima mara kwa mara, safari fupi fupi za kilomita chache, na mwendo mwingi kupita kiasi ndani ya mwaka.

Sasa tulipime gari la Maseno kwa orodha hiyo hiyo ya kiwanda. Kutoka Kisumu hadi Maseno ni kama kilomita 25. Ukishaipita njia panda ya Kisian, unaiacha tambarare ya ziwa na kuanza kupanda kuelekea Ojola na Lela, na hadi kufika Maseno, pale barabara inapovuka mstari wa ikweta, umepanda zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa Ziwa Viktoria. Barabara kuu ni ya lami, lakini nyumba nyingi haziko kwenye lami. Kilomita moja au mbili za mwisho ni murramu: vumbi jekundu miezi ya Januari na Februari, utelezi na madimbwi mvua za Machi hadi Mei zinapoanza. Gari la hapa basi lina mlima, lina vumbi, na mara nyingi lina safari fupi pia. Kwa maneno ya kitabu chenyewe, mwenye gari wa Maseno yuko kwenye ratiba ya pili. Ndiyo maana ratiba nyingi wanazopewa wanunuzi wa magari mapya nchini Kenya hukaa karibu na kilomita 5,000. Mwalimu hajakosea kukitii kitabu. Amekosea kuusoma ukurasa ulioandikiwa barabara za mtu mwingine.

Hapo Fundi anaona ameshinda. "Umesikia, mwalimu? Kitabu hakijawahi kukanyaga murramu ya huku. Na injini mpya ni vyuma vinavyosuguana mara ya kwanza. Oili ya kwanza hutoka inameremeta chembe za chuma. Mimi namwaga kwa kilomita 1,000, naweka oili nzito inayohimili joto la ziwa, halafu kila 3,000 tunaonana. Injini haijawahi kufa kwa kubadilishiwa oili mapema."

Fundi naye ana ukweli mkononi, lakini ameunyoosha kupita urefu wake. Ni kweli kwamba katika kilomita za mwanzo ringi za pistoni na kuta za silinda hulainishana, na kwamba oili ya kwanza ikipimwa maabara huonyesha chuma, alumini na shaba kwa wingi kuliko oili zinazofuata. Hata hivyo, kuta za silinda za siku hizi hukwanguliwa kwa mashine za usahihi mkubwa, na chembe za kiasi cha kudhuru hunaswa na filta. Watengenezaji wengine wanakataza kabisa haraka hiyo. Vitabu vya Honda kwa miaka mingi vimewaonya wenye magari mapya wasiimwage oili ya kiwandani kabla ya muda wake. Japani, gari jipya hurudishwa kwa muuzaji baada ya mwezi mmoja au kilomita 1,000 ili likaguliwe: nati za magurudumu, upepo wa tairi, mkanda wa injini, maji ya rejeta, oili ya breki, vichwa vya betri, na kama kuna mahali panapovuja. Huo ni ukaguzi, na si lazima oili imwagwe. Kilomita 1,000 za Fundi zina maana yake, ila amezipa kazi isiyo yake.

Kuna pingamizi zito zaidi dhidi ya Fundi, nalo linatokana na kanuni niliyoanza nayo. Oili iliyotiwa kiwandani ni kitu kinachojulikana: aina yake inajulikana, kipimo chake kinajulikana, na siku iliyoingia inajulikana. Oili inayonunuliwa kwa haraka kando ya barabara huenda isijulikane. Bidhaa ghushi ni tatizo la kweli nchini Kenya, kiasi kwamba serikali ina mamlaka maalumu ya kupambana nazo, na mikebe ya oili ya injini imo kati ya vinavyoghushiwa. Kumwaga oili nzuri yenye kilomita 1,000 na kutia oili ya mashaka ni kuuza ng'ombe unayemjua maziwa yake ili ununue usiyewahi kumkama. Hata hiyo "oili nzito ya joto la ziwa" inataka kuangaliwa upya. Injini nyingi za Kijapani za sasa zimeandikiwa 0W-20 au 5W-30 kwa sababu njia za oili ndani yake ni nyembamba, na mitambo ya kubadilisha wakati wa vali inategemea oili ifike upesi. Kutia 20W-50 kwenye injini kama hiyo ni kuichelewesha oili kila asubuhi injini inapowashwa, na huo ndio wakati ambao vyuma husuguana vikiwa vikavu zaidi.

Hata kilomita 3,000 za Fundi zina historia inayostahili kuelezwa kwa heshima. Mafundi wengi walijifunza kazi katika miaka ambayo dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu hutengeneza asidi, na asidi huzimaliza dawa zilizomo ndani ya oili za kuilinda injini. Kuibadilisha mapema kulikuwa na maana kubwa. Lakini kuanzia Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walihamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ile sababu ya zamani imepungua, ingawa mazoea yamebaki. Na kumwaga oili mapema bila sababu si jambo lisilo na hasara. Oili chafu ya gereji nyingi huishia kwenye mtaro, au hupakwa mbao ili kuzuia mchwa, na mitaro ya upande huu hatimaye hutelemkia Ghuba ya Winam, kwenye maji tunayoyanywa na tunamovua samaki. Kila oili inayomwagwa kabla ya wakati ni mzigo wa bure kwa ziwa.

Dereva amekuwa akitikisa kichwa muda wote. "Wazee wangu, mnabishana juu ya gari la kilomita sifuri. Hapa nani analo? Hayo ni ya kaunti, ya mashirika na ya kampuni. Sisi gari letu jipya limeshazeeka kwa mwenzetu Japani. Na mimi siku gari likilala gereji, nyumbani hakuna sufuria jikoni. Naangalia oili: ikipungua naongeza, ikiwa nyeusi nabadilisha. Na taa ya oili iko pale, ikiwaka nitajua."

Dereva ameufikisha mjadala mahali pake. Magari ya kilomita sifuri yanayounganishwa nchini, Nairobi, Thika na Mombasa, hununuliwa zaidi na taasisi. Raia wa kawaida akisema "gari jipya", anamaanisha gari lililotumika nje na sasa limesajiliwa kwa jina lake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari la zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kabla ya kupakiwa melini hukaguliwa ili kuthibitisha umri wake na ufaafu wake barabarani. Lakini ukaguzi huo haubadilishi oili, na haumwahidi mnunuzi kwamba oili iliyomo ni ya mwezi jana au ya miaka miwili iliyopita. Baada ya hapo gari hukaa yadi Japani, huvuka bahari kwa wiki kadhaa, husubiri bandarini Mombasa, kisha mara nyingi huendeshwa kwa magurudumu yake zaidi ya kilomita 800 hadi Kisumu. Linatoka usawa wa bahari, linapanda nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, kisha linateremka ziwani, mara nyingi kwa mwendo wa dereva mwenye haraka ya kurudi kuchukua jingine. Hadi linapoegeshwa uani Maseno, limekwisha kufanya kazi ya kutosha juu ya oili ambayo hakuna anayeijua.

Hata hivyo ushahidi haukosekani kabisa kwa anayejua pa kutazama. Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake, au inua boneti uangalie karibu na mdomo wa oili. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani, na ndani yake nambari za kilomita pamoja na tarehe. Tarehe hiyo huenda ikaanza na mwaka wa enzi ya mfalme wao badala ya mwaka tuliouzoea. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hiyo 5 katika enzi hiyo ni mwaka 2023. Na ikiwa imeandikwa 30, hiyo ni enzi ya Heisei, yaani 2018. Linganisha kilomita za kibandiko na za dashibodi. Kibandiko kikisema oili ibadilishwe kwenye kilomita 64,000 na dashibodi inasoma 71,000, umepata jibu lako. Na kibandiko kikisema 92,000 huku dashibodi ikisoma 58,000, una swali kubwa kuliko la oili, na ni swali la kumpelekea aliyekuuzia. Fungua pia kifuniko cha oili juu ya injini. Utando mweupe mzito kama krimu upande wake wa ndani ni dalili ya maji: huenda ni unyevu wa safari fupi, huenda ni gasketi ya silinda hedi. Yote hayo huchukua dakika tano, na hayahitaji zaidi ya kitambaa kikavu.

Vipimo viwili vya Dereva, weusi wa oili na taa, havitoshi. Oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa, kwa sababu kazi yake moja ni kubeba masizi. Nyingine huweza kubaki na rangi nzuri huku dawa zake zimekwisha. Na taa nyekundu ya oili si kengele ya sevisi: hupima msukumo wa oili, na ikiwaka gari likiwa mwendoni, madhara yamekwisha kuanza. Kwa gari la kutoka Japani basi, kanuni yangu inatoa jibu lisilo na mzunguko. Kwa kuwa hujui, sevisi ya kwanza ni sasa: oili na filta yake, filta ya hewa, plagi zikaguliwe, maji ya rejeta, oili ya breki. Na kama ni Probox ya miaka ya karibuni yenye gia boksi ya CVT, oili yake ya gia iangaliwe na fundi anayejua kwamba hiyo haichanganywi na oili ya gia ya kawaida. Injini ya lita 1.5 ya Probox hutumia oili isiyofika lita 4. Hiyo ndiyo gharama ya kuyageuza mashaka kuwa maarifa, na kuanzia siku hiyo gari lina kilomita sifuri ya kweli, sifuri ya oili.

Mwalimu anarudi na swali zuri: "Tukishajua oili iliyomo, si sasa turudi kwenye nambari moja?" Bado, kwa sababu kazi hutofautiana hata kwa majirani. Chukua watu watatu wa Maseno. Wa kwanza anafanya kazi Kisumu: kilomita 50 kwa siku kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi, yaani 1,100. Atafika 5,000 kati ya mwezi wa nne na wa tano. Wa pili ni Dereva wetu, mwenye safari nne za kwenda na kurudi kwa siku: kilomita 200, na 5,000 zinaisha kwa siku 25. Wa tatu anaishi kilomita tatu kutoka kazini, chuoni au hospitalini: kilomita sita kwa siku, 132 kwa mwezi. Huyo akisubiri 5,000 atangoja zaidi ya miaka mitatu, akiamini kwamba analitunza gari kwa kulitumia kidogo. Kumbe ndiye aliye hatarini zaidi. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja kwa njia ya mvuke. Mengi hupita bomba la moshi, lakini kiasi hupenya ringi na kuingia kwenye oili, na hutoka tu injini inapopata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha. Safari ya kilomita tatu haimpi nafasi hiyo. Kwake yeye kalenda ndiyo mita: miezi sita ikifika, hata kama ametembea kilomita 800 tu, oili imwagwe.

Yamebaki mapingamizi mawili. La kwanza ni la pesa, na ni la haki kwa mtu ambaye siku bila gari ni siku bila mlo. Lakini Dereva anayefika kilomita 5,000 kwa siku 25 anaweza kuipanga siku ya sevisi kama anavyopanga siku ya kulipa mkopo, wakati yule ambaye injini yake imefia njiani hapangi chochote. La pili Fundi analiuliza kwa uchungu: "Sasa kazi ya sisi wa jua kali iko wapi, kama mwenye waranti lazima aende kwa muuzaji?" Kazi yake ipo, na ni kubwa, kwa sababu magari mengi ya hapa hayana waranti yoyote. Anachohitaji ni kukifanya anachokifanya kiweze kuthibitishwa: mkebe ufunguliwe mbele ya mteja, kipimo kilingane na kitabu, risiti itolewe, oili chafu ikusanywe pipani na kupewa wanaoichukua kwa utaratibu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali. Tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la gereji vikiandikwa, hata atakayelinunua gari hilo baadaye ataanza na maarifa badala ya mashaka.

Kwa hiyo hukumu ninayoisimamia ni hii. Gari la kilomita sifuri likaguliwe kwenye kilomita 1,000 au mwezi wa kwanza, bila kuimwaga oili ya kiwandani isipokuwa kitabu kimeagiza; kisha libadilishiwe oili na filta kwenye kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, au mapema zaidi kama ratiba yake ya matumizi magumu inadai hivyo. Gari lililotoka Japani lifanyiwe sevisi kamili ndani ya wiki ya kwanza, kabla halijaanza kazi, kisha liingie kwenye ratiba hiyo hiyo. Na kwa kuwa wengi wetu hununua kwenye yadi za Kisumu, Nairobi na Mombasa, wenye yadi nao wana wajibu: wabadilishe oili kabla ya kukabidhi ufunguo, na wabandike kwenye nguzo ya mlango kibandiko kinachosomeka kwa lugha yetu, chenye tarehe, kilomita na aina ya oili. Mnunuzi adai kibandiko hicho kama anavyodai logibuku. Kikiwepo, Mwalimu, Fundi na Dereva watabaki na machache sana ya kubishania, na injini nyingi za upande huu wa ziwa zitaishi umri ambao waliozitengeneza walizipangia.